Mikono ya Bibi Haikutosha

Kiti kilikuwemo ndani ya gari. Kilikuwa siti ya nyuma upande wa kushoto, kimefungwa kwa mkanda uliolegea, na juu yake pamepakiwa mfuko wa nepi, chupa ya chai na doti mbili za kanga za zawadi. Mtoto mwenyewe, wa miezi saba na kilo saba, alikuwa amepakatwa na bibi yake. Walikuwa wanatoka Dar es Salaam kwenda Morogoro harusini. Walipoipita mizani ya Vigwaza, kwenye kipande cha barabara chenye kibao cha 50, lori lililokuwa mbele yao likasimama ghafla.

Kisa hiki sikukitoa kwa mtu mmoja. Nimekiunga kutokana na makosa ambayo yeyote anayesafiri barabara ya Morogoro huyaona kupitia vioo vya magari ya wenzake, na ndiyo maana familia hii haina jina. Lakini kila kosa lililomo linafanyika leo, tena linafanywa na wazazi wanaompenda mtoto wao kuliko roho zao. Hilo ndilo linaloniuma.

Ajali hii haikuanzia Vigwaza. Ilianzia sokoni, miezi mitatu nyuma, baba alipokwenda kutafuta kiti cha mtoto kwenye mitumba. Alikuta kimoja cha buluu, kitambaa kimefuliwa kinanukia sabuni. “Hicho kimetoka Uingereza, bosi wangu,” muuzaji akamwambia, “huwezi kupata kingine kama hicho.” Baba akabonyeza sponji, akavuta mikanda mara mbili, wakapatana bei. Hakukigeuza.

Angekigeuza angekuta habari zake zote, maana habari za kiti cha mtoto huandikwa chini na ubavuni. Viti vilivyopimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa vina lebo, mara nyingi ya rangi ya chungwa, yenye duara lililo na herufi E na namba ya nchi iliyotoa kibali: E1 ni Ujerumani, E4 Uholanzi, E11 Uingereza. Kiti cha kanuni ya zamani, namba 44, hutaja uzito wa mtoto anayefaa kukikalia. Cha kanuni mpya, namba 129, iliyoanza mwaka 2013, hutaja urefu wake kwa sentimita. Lebo ya kiti cha buluu ilikuwa imebanduka nusu, lakini tarakimu zilisomeka: kilo 9 hadi 18. Siku ile mtoto hakuwa amefika hata kilo saba. Baba alinunua kiti cha mtoto aliyekwishaanza kutembea, kinachotazama mbele tu, akampa mtoto ambaye bado hajaweza kukaa mwenyewe.

Pangekuwa pia na tarehe. Kwenye plastiki huwa kuna kiduara kidogo kilichochongwa, chenye namba za miezi kuzunguka, mwaka katikati, na mshale. Hapo ndipo unapojua kiti kimezaliwa lini. Watengenezaji wengi hukipa kiti umri wa miaka 6 hadi 10, kwa sababu plastiki inayoshinda juani na kwenye joto huchoka. Jambo ambalo halikuandikwa popote ni kama kiti kile kiliwahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali. Ganda linaweza kuwa na ufa chini ya sponji, na kitambaa kilichofuliwa vizuri kikauficha usiuone kabisa.

Msimamo wangu katika hili ni mkali, na najua utamkera mtu mwenye kipato kidogo. Kiti cha mtumba usichojua kilikotoka usikinunue. Cha dada yako, cha jirani, cha mtu unayemwamini akikuambia hakijawahi kupata ajali, chenye lebo na tarehe na mikanda yote, kichukue na umshukuru. Kijitabu cha maelekezo kikiwa kimepotea, tafuta mtandaoni kwa jina na namba ya modeli. Watengenezaji wengi huviweka vijitabu hivyo huko bure. Na vile vya kitambaa kitupu, visivyo na ganda gumu, vinavyokunjwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, viache hapohapo vilipo. Uingereza haviruhusiwi kisheria, kwa sababu gari likigonga, kitambaa hakina uwezo wa kumzuia mtoto.

Kiti kikafika nyumbani. Gari lao ni kama magari mengi ya mjini kwetu, Toyota iliyotumika Japani kabla ya kuja kwetu. Mwanzoni baba alikifunga siti ya mbele ili mama akiendesha peke yake aweze kumwona mtoto. Kwenye kikinga jua cha siti hiyo palikuwa na lebo ya Kijapani yenye mchoro wa kiti cha mtoto uliokatwa kwa mstari mwekundu. Maandishi hakuna aliyeyajua, na mchoro hakuna aliyeutazama. Ni jirani yao, dereva wa teksi, aliyechungulia asubuhi moja akasema, “Kaka, hapo mbele kuna eabegi. Mrudishe mtoto nyuma.”

Jirani yule aliokoa maisha, na pengine hakujua kwa kiasi gani. Eabegi, yaani mfuko wa hewa wa kwenye dashibodi, hufumuka kwa muda usiofika sehemu ya ishirini ya sekunde, na kasi yake inaweza kufika kilomita 300 kwa saa. Umetengenezwa kwa kifua cha mtu mzima aliyefunga mkanda. Mtoto mchanga akiwa kwenye kiti kinachotazama nyuma, mgongo wa kiti chake unakaribia dashibodi, na pigo lote linafika nyuma ya kichwa chake. Magari mengi tunayoagiza Japani hayana swichi ya kuzima eabegi hiyo. Kwa hiyo mtoto akae siti ya nyuma, hata kama mnakwenda duka la mtaa wa pili.

Basi kiti kikahamia nyuma, lakini hakikukazwa. Baba alipitisha mkanda wa gari, akasikia ule mlio wa kufunga, akaridhika. Mikanda mingi ya magari hujifunga pale tu inapovutwa kwa nguvu ya ghafla. Wakati mwingine wote hulegea, na kiti hulegea nayo. Ilimpasa akiegemee kiti kwa goti na uzito wake wote huku akiuvuta mkanda mpaka usiweze kuvutika zaidi, kisha akishike pale mkanda unapopita, akitikise kulia na kushoto, mbele na nyuma. Kipimo kinachotumika ni sentimita 2.5. Kikisogea zaidi ya hapo, rudia. Baadhi ya mikanda, ukiivuta yote mpaka mwisho kisha ukairudisha taratibu, hutoa mlio wa tiki-tiki na haivutiki tena. Kama wako uko hivyo una bahati. Na kama gari lako limetengenezwa miaka ya hivi karibuni, penyeza vidole kwenye ufa kati ya maegemeo na kikalio cha siti ya nyuma. Ukigusa vyuma viwili vigumu vyenye umbo la nusu duara, hizo ni nanga za ISOFIX, na kiti chenye miguu ya ISOFIX hujishika hapo bila mkanda wa gari. Kwenye magari mengi ya Japani ya baada ya 2012 zimo, na wenye magari hawajui.

Mama naye alikuwa na lake. Kila safari alimviringisha mtoto kwa shali, mikono ndani, miguu ndani, ndipo akamweka kitini. Mkanda wa katikati ya miguu ukakosa njia, na wa mabegani ukakaa juu ya tabaka tatu za kitambaa. Kifungio kikafungwa vizuri, ila kilichofungwa kilikuwa shali. Kwa kishindo kikubwa kitambaa hujikunja, nafasi hupatikana, na mtoto huchomoka. Mikanda ikae juu ya nguo nyepesi na ikazwe mpaka vidole vyako vishindwe kuufinya mkanda wa begani ukafanya mkunjo. Ukishamaliza, mfunike kanga kwa juu, mpaka kidevuni ukipenda.

Siku ya safari waliondoka saa nne, gari limeshinda juani tangu asubuhi. Mama alikaa siti ya nyuma katikati, kiti cha mtoto kushotoni mwake, mama mkwe kulia. Chuma cha kifungio kilikuwa cha moto. Kilipomgusa mtoto pajani alipiga kelele, na hakunyamaza Kimara, hakunyamaza Kibaha.

“Mkwe wangu,” bibi akasema, “mtoto analia hivi nawe umekaa unamtazama? Nipe mjukuu wangu.”

“Mama, tukifika Chalinze tutasimama.”

“Chalinze! Mimi nimelea saba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunidondoka mikononi. Nipe.”

Mama alimtazama mumewe kwenye kioo. Mumewe alikuwa anatazama barabara. Basi akafungua mikanda, akamtoa mtoto, akampa. Kufika Mlandizi mtoto alikuwa amelala kifuani kwa bibi, na bibi, kwa hekima yake, alikuwa amejifunga mkanda wake mwenyewe na kumweka mtoto nje ya mkanda. Hapo alifanya vyema kuliko wengi. Wapo wanaoupitisha mkanda mmoja juu yao na mtoto pamoja, na gari likigonga, mwili wa mtu mzima humbana mtoto kwenye mkanda huo kwa uzito wake wote.

Lori lilisimama. Baba alikanyaga breki, gari likapunguza mwendo mpaka kama 30, likaingia chini ya bampa la nyuma la lori. Bibi alimkumbatia mtoto. Kisha mikono yake ikawa mitupu. Mtoto aligonga mgongo wa siti ya dereva akaangukia miguuni mwa bibi, na chupa ya chai ikamfuata.

“Nilimshika, mwanangu,” bibi alimwambia mkwewe kando ya barabara, na aliendelea kusema hivyo kwa siku nyingi. “Wallahi nilimshika.”

Alimshika kweli, na hakuwa mzembe. Gari la mwendo wa kilomita 30 kwa saa likisimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, ambao ndio muda wa kawaida wa mgongano wa namna hii, kila kilichomo huvutwa mbele kwa nguvu inayozidi uzito wake mara nane na nusu. Mtoto wa kilo 7 anakuwa kama mzigo wa kilo 60. Kama baba asingewahi breki na wakagonga kwa 50, zingekuwa kilo 100, mifuko miwili ya saruji inayomtoka mtu mikononi kabla hajajua kwamba kuna jambo limetokea. Hakuna mzazi mwenye mikono ya kuzuia hilo, awe bibi wa miaka sitini au mbeba mizigo wa Kariakoo.

Hoja ya bibi iliwahi kuandikwa kwenye sheria. Katika jimbo la Tennessee, Marekani, daktari wa watoto aitwaye Robert Sanders, mkazi wa mji wa Murfreesboro, alihangaika pamoja na mkewe kuwashawishi wabunge wa jimbo wawalazimishe wazazi kuwaweka watoto wadogo kwenye viti. Mwaka 1977 sheria ikapita, na ikaanza kutumika 1 Januari 1978, ya kwanza katika jimbo lolote la nchi ile. Lakini wabunge walikuwa wamechomeka kifungu: mtoto anaweza pia kupakatwa na mtu mzima. Waliona ni ukatili kumzuia mama asimbebe mwanawe. Sanders alikiita kifungu hicho cha kuponda watoto, akakipiga vita mpaka kikafutwa mwaka 1981. Ilipofika 1985 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya viti vya watoto. Kwetu, askari wa usalama barabarani atakusimamisha kwa sababu hukufunga mkanda wako, na mara nyingi mtoto aliyepakatwa mbele ya macho yake hamsemei neno.

Mtoto wa kisa chetu alivunjika mfupa wa paja. Hospitali walimlaza chali, miguu yote miwili imezungushiwa bandeji na kuinuliwa wima, kamba zimepita kwenye bomba la chuma juu ya kitanda, zikivutwa kiasi kwamba makalio yake yameachana kidogo na godoro. Ndivyo paja la mtoto wa umri ule linavyotibiwa, na hupona vizuri. Kwa wiki tatu mama alimnyonyesha akiwa ameinama juu ya kitanda, maana hakuweza kumnyanyua.

Sitadai kwamba angekuwa kwenye kile kiti cha buluu asingeumia. Kilikuwa kikubwa kwake, kimelegea, na kinatazama mbele. Hili la kutazama mbele ndilo ningependa kila mzazi alielewe kabla ya kutoa hela. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake, na pingili za shingo yake bado zimeungwa kwa gegedu, si mfupa mkavu. Akitazama mbele, gari likigonga, mikanda hushika kifua lakini kichwa huendelea na safari, na shingo ndiyo inayokizuia. Akitazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa vyote huegemea ganda la kiti kwa pamoja, na pigo hugawanywa mwili mzima. Bertil Aldman, mtafiti wa Uswidi, aliliona hili mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipotazama jinsi wanaanga wa Marekani wa vyombo vya Gemini walivyolazwa kwa migongo dhidi ya nguvu ya kurushwa. Mwaka 1964 kiti cha kwanza cha mtoto kinachotazama nyuma kikajaribiwa ndani ya gari la Volvo. Mpaka leo Waswidi wengi huwaacha watoto wao wakitazama nyuma mpaka miaka minne. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, walisema mwaka 2018 kwamba mtoto atazame nyuma kwa muda wote ambao kiti chake kinaruhusu kwa uzito na urefu, na kanuni namba 129 inataka angalau miezi 15.

Mtasikia watu wakisema miguu yake itabanwa. Mtoto hukunja magoti na kustarehe, muulize yeyote aliyewahi kumwona mtoto amelala. Na mguu, kama tulivyoona, huungwa.

Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba kiti kinachotumiwa vizuri hupunguza vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja ndani ya magari madogo kwa asilimia 71, na vya wenye mwaka 1 hadi 4 kwa asilimia 54. Hakuna chanjo ambayo wazazi wetu wangeikataa kwa faida kama hiyo.

Narudi kwa mama mkwe, kwa sababu huko ndiko viti vingi vinakoshindwa kwetu. Mkwe hawezi kumkatalia mama wa mumewe mbele ya watu, tena ndani ya gari, mtoto akilia. Tusimtwishe mzigo huo. Mwenye kauli ni mume, mwana wa yule mama, na kauli aitoe siku moja kabla, nyumbani, kwa adabu: “Mama, kesho mtoto atakaa kitini mpaka tufike. Nakuomba wewe ukae ubavuni mwake umliwaze.” Bibi akipewa kazi hiyo ataifanya kuliko sote. Atamwimbia, atampa kidole akishike, na mtoto akizidiwa ndiye atakayesema tusimame. Na gari lisimame kweli. Safari ya Morogoro yenye foleni isipite saa mbili bila mtoto kutolewa, kunyonyeshwa na kunyooshwa mgongo. Kwa mchanga wa wiki chache, hata kabla ya hapo. Kinachokatazwa ni kumtoa gari likiwa linatembea.

Joto nalo linataka mpango. Ukiegesha, tandika kanga nyeupe juu ya kiti, na kabla ya kumkalisha gusa chuma cha kifungio kwa kiganja chako. Mwili wa mtoto hupata joto mara tatu hadi tano kwa haraka kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo asiachwe ndani ya gari lililosimama hata kwa dakika za kununua maji. Mkifika, mtoe. Kiti si kitanda: mtoto aliyelala humo nyumbani, mikanda imelegezwa, kichwa kikimwangukia kifuani, anaweza kuziba njia ya hewa kimyakimya.

Wengi wenu hamna gari, mnapanda teksi za simu. Kiti kinachofungwa kwa mkanda wa kawaida huingia teksi yoyote yenye mikanda nyuma, na dereva mwungwana atakusubiri dakika tatu ukifunge.

Nawe uliye na kiti tayari, usingoje safari ya mbali. Leo hii nenda kwenye gari, kigeuze usome lebo, ulinganishe na kilo za mwanao, kisha kifunge, ukishike pale mkanda unapopita, ukitikise kwa nguvu. Kikisogea zaidi ya upana wa kidole gumba chako, usiliwashe gari mpaka umekikaza.